TAHADHARI: Saa za watoto za "GPS" zisizo na GPS, na muuzaji anayebaki na ufunguo wa mtoto wako

Wazazi, ile saa ya kuonyesha mtoto alipo kwenye ramani, tuliyopeana habari zake humu kundini mwezi uliopita, acheni kuinunua. Aliyekwisha kununua amvue mtoto saa hiyo leo, aizime, kisha asome mpaka mwisho. Duka mnalijua, Kariakoo, kule juu kwa ngazi, jina siandiki. Tumepigwa. 85,000 ya saa, 60,000 ya "satelaiti ya mwaka mzima", na humu ndani kuna mafundi simu wawili na mtu wa TEHAMA. Wote tumeingia mkenge vizuri tu.

Ngoja ielezwe anavyofanya, maana kila aliyepita pale amefanyiwa vilevile, neno kwa neno.

Anatoa saa kwenye boksi mbele yako, anabandua nailoni ya kioo taratibu ili uone ni mpya. Anafungua kifuniko kwa bisibisi ndogo, anaingiza laini ambayo tayari iko hewani na ina bando, anashikilia kitufe cha pembeni mpaka kioo kinawaka. Hapo unatoa simu yako upakue programu. "Mama, mtandao wako mzito, ngoja nikuwekee kwa yangu kwanza uone." Anaskani msimbo ulio mgongoni mwa saa, kwa simu yake yeye. Ramani inafunguka, na haipiti hata nusu dakika doti nyekundu inatua palepale mlipo. Anaivuta ramani kwa vidole mpaka unauona Mtaa wa Msimbazi. Halafu dogo wa dukani anaivaa, anashuka, anazunguka mitaa miwili, doti nayo inahama. Akirudi anabonyeza SOS, kile kitufe cha dharura, simu yako inaita mkononi. Sasa hapo nani angeuliza swali?

Na boksi limeandikwa GPS+LBS+WIFI kwa herufi kubwa. Risiti anatoa (ya mkono, tutafika huko). Shikamoo mama, karibu maji baba. Mtu ana mtoto wa darasa la pili anayepanda daladala mbili kila jioni. Mwonyeshe doti inayotembea uone kama hatoi pochi.

Kumbe ile doti ndiyo iliyokuwa inatangaza wizi wenyewe. Saa yenye GPS ya kweli, yaani inayojua mahali kwa kusikiliza satelaiti, ikiwashwa mara ya kwanza inataka kuona anga, na hata nje inachukua nusu dakika mpaka dakika kadhaa kukamata satelaiti za kutosha, angalau nne. Chini ya zege, kwenye duka lisilo na dirisha, haikamati kitu. Kilichokuwa kinaonekana ni LBS, yaani saa inatuma namba za minara ya simu iliyo karibu na seva inakisia. Kariakoo minara imesongamana, kwa hiyo kisio linakosea mita mia mbili tatu tu, na mwenye vidole vya ujanja akiivuta ramani anavyotaka, linaonekana limelenga. Dogo akizunguka, saa inahamia mnara mwingine, doti inaruka. Ipeleke saa hiyohiyo Chanika au Mkuranga, ambako mnara mmoja unabeba eneo kubwa, uone inavyokosea kilomita nzima na zaidi. Ukiweka uzio wa mita 200 kwenye ramani kuzunguka shule, ili saa ikutaarifu mtoto akiuvuka, inapiga kelele "mtoto ametoka" naye kakaa darasani. Inafanya hivyo mara nne kwa siku, mpaka mzazi anachoka na kuizima ile tahadhari. Siku akitoka kweli, kimya. Afadhali asiye na saa kabisa, angalau anabaki na wasiwasi wake na anapiga simu shuleni.

Na hiyo "ada ya satelaiti"! Ishara za GPS zinarushwa bure na serikali ya Marekani kwa dunia nzima, hakuna anayezilipia, awe rubani awe bodaboda. Gharama yako ni bando tu, na kwa saa isiyopiga simu za video MB 100 kwa mwezi kwa kawaida zinatosha na kubaki. Mtu amelipishwa king'amuzi na televisheni hana.

Betri nayo. Anasema 600 mAh, siku tatu. Za umbo hili huwa na 400, na kwa kuwa anaiacha saa inatuma mahali kila dakika ili uifurahie pale kaunta, inakufa kabla kengele ya mwisho haijalia. Iweke itume kila sekunde 600 itakufikisha jioni. Habari ya kutoingia maji msiniulize, kifuniko hakina hata mpira.

Hayo ya hela tungeyameza. Hili la pili halimezeki. Kwenye programu za saa hizi, simu ya kwanza kuskani msimbo ndiyo inayokuwa admini, wengine wote wanaingia kwa ruhusa yake. Ile "ngoja nikuwekee" ilimfanya yeye kuwa admini wa mtoto wako. Anaona alipo na njia alizopita, anaamua namba zipi zimpigie. Kwenye zile zenye kipengele cha kusikiliza, anaweza kuifanya saa impigie kimyakimya, kioo kikiwa kimezima, asikie yote yanayosemwa karibu na mtoto. Kwa ajili ya kipengele hicho Ujerumani ilipiga marufuku uuzaji wa saa za namna hii Novemba 2017 na ikawaambia wazazi waziharibu. Mwezi mmoja kabla yake, baraza la watumiaji la Norwei lilikuwa limepima saa kadhaa za watoto na kukuta mtu baki anaweza kuziteka baadhi yake. Sisi tunauziwa kwa ada ya satelaiti.

Labda hana nia mbaya na watoto, labda ni uvivu tu na tamaa ya kukuita kila mwaka ulipe tena, maana asipokuachia uadmini huwezi kwenda popote. Simtetei. Akamatwe. Arudishe hela zote, na za bando. FCC, Tume ya Ushindani, wamfuate kwa kuandika GPS kwenye kitu kisicho na GPS, TRA wamfuate kwa risiti za mkono, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imfuate kuliko wote, maana sheria ya 2022 imeshaanza kazi tangu 1 Mei 2023 na taarifa za mtoto hazichukuliwi bila idhini ya mzazi. Simu yake ikaguliwe mbele ya polisi, watoto wangapi wamo. Kaunta ile ifungwe kufuli.

Haya, dalili, kwa haraka. Anaskani kwa simu yake. Laini ni yake. Risiti si ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Anakataa mshuke nje kujaribu. Anasema neno "satelaiti" na "ada" kwenye sentensi moja.

Kupima, saa nyingi za ukoo huu zinajibu meseji. Toka uwanja wa wazi, tembea nayo dakika tano, omba mahali kupitia programu, kisha tuma kwenye namba ya saa: pw,123456,ts# bila nafasi. Inarudisha maelezo marefu: ID, imei (namba ya utambulisho ya kifaa), port, bat level, na karibu na mwisho GPS na NET. Ukiona GPS:OK na idadi ya satelaiti kwenye mabano, kipokezi kipo. Ukiona GPS:NO(0), usimtukane mtu bado, kwa sababu saa ikitulia hulaza GPS kulinda betri. Tembea tena, rudia mara tatu. Ikibaki NO, umenunua LBS. Linganisha imei hiyo na iliyo kwenye kibandiko, kisha itume kwenda 15090 uone TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanaijua kama nini. Na kama imekujibu kwa 123456, nywila ya kiwandani, basi itamjibu yeyote mwenye namba ya mtoto. Badilisha nywila siku hiyohiyo kwa amri iliyo kwenye karatasi ya maelekezo.

Laini itoe, itie kwenye simu ya kawaida, piga *106#, uone imesajiliwa kwa jina la nani. Ikiwa si lako, usiirudishe kwenye saa. Sajili nyingine kwa kidole chako na NIDA yako, ondoa PIN kabla ya kuiingiza, na kumbuka saa hizi nyingi ni za 2G tu, hivyo chagua mtandao ambao 2G yake inashika nyumbani na shuleni.

Kuizima na kuirudisha kwenye hali ya kiwandani hakumwondoi admini, kwa sababu jina lake limo kwenye seva, si kwenye saa. Lazima aifute saa kwenye simu yake mwenyewe, ukimtazama, ndipo wewe uskani wa kwanza. Ila kabla hajaifuta, piga picha orodha ya wanachama ndani ya programu ikionyesha namba yake juu kabisa. Akishafuta, ushahidi umekwenda.

Kwa hiyo msiende mmoja mmoja. Jumamosi, saa nne asubuhi, chini ya ngazi zake. Njooni na saa, boksi, ile risiti ya mkono, na picha za skrini mkiwa mmeshazichapa kwenye karatasi.