Tambi kwa Kamba Wabichi au Waliokwisha Kupikwa?

Anayerejea nyumbani jioni akiwa amechoka huvutiwa na kamba waliokwisha kupikwa, kwa kuwa huhitaji kupashwa moto kwa dakika moja tu. Lakini, kwa maoni yangu, muda anaouokoa ni mdogo kuliko anavyodhani. Kamba wabichi waliomenywa huiva kwa dakika 2 hadi 3, nao hukaangwa wakati tambi zikichemka kwa dakika zake 8 hadi 12, hivyo chakula hakicheleweshwi. Tena wabichi huachia majimaji yao kikaangoni, penye kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, na majimaji hayo, yakiongezwa nusu kikombe cha maji yaliyochemshiwa tambi, ambayo yana wanga, huwa mchuzi mzito unaoshikamana nazo vizuri. Waliopikwa karibu hawana cha kuachia, na wakizidishiwa moto hukakamaa kama mpira.

Wabichi waliogandishwa hulazimika kulowekwa katika maji baridi kwa takriban dakika 20, ingawa kazi hiyo yaweza kuanza kabla sufuria ya tambi haijabandikwa. Kwa saladi ya tambi baridi, hata hivyo, ningewachagua waliopikwa bila kusita.