Miezi mitatu na gari jipya lililokataa kubonyea

Nimeliendesha gari hili kwa miezi mitatu hivi, na kwa zaidi ya miwili kati ya hiyo nililichukia kwa moyo wangu wote. Kampuni iliyoniuzia sitaitaja, lakini yaliyonikuta kwao nitayaeleza kama yalivyotokea, kwa sababu hasira yangu haijaisha na sioni sababu ya kuificha.

Ni gari jipya kabisa, sedani ya familia, la kwanza katika maisha yangu ambalo halikuwa mtumba. Nililinunua kwa akiba na mkopo wa SACCOS, baada ya miaka mingi ya kuendesha magari yaliyotumika kutoka Japani. Sababu ya kujitwisha deni hilo ilikuwa moja: mama yangu anaishi Korogwe, ana maumivu ya mgongo, na kila baada ya miezi kadhaa lazima aje Dar es Salaam kliniki. Nilitaka asafiri akiwa ameketi vizuri. Siku ya kulijaribu, walinipa gari la maonyesho la aina hiyo hiyo, nikalizungusha mitaa miwili yenye mashimo, nikaona linavyopita kwa ulaini, nikarudi na kusaini karatasi. Ninalitaja jaribio hilo kwa makusudi, kwa kuwa baadaye niliambiwa kwamba ulaini ule nilikuwa nimeuota.

Gari nililokabidhiwa mimi halikuwa na ulaini wowote. Tangu siku ya kwanza, nilipotoka barabara kuu na kuingia njia ya vumbi ya kwetu Tegeta, kila jiwe lililokanyagwa na tairi za mbele nililisikia kwenye usukani na kwenye meno. Kwenye tuta gari halikushuka na kupanda. Lilijigonga lote kwa pamoja, kama meza iliyodondoshwa sakafuni. Wanangu, ambao wiki ya kwanza walikuwa wakigombania kiti cha mbele, wiki ya pili walikuwa wakigombania cha nyuma.

Nikaenda kwa waliouza. Kijana wa mapokezi ya karakana, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, hakunipa shikamoo wala habari ya asubuhi. Nilieleza tatizo langu nikiwa nimesimama, naye ameketi, simu iko mkononi. Nilipomaliza akanijibu, mbele ya wateja wengine watatu: “Mama, gari jipya ndivyo lilivyo. Nyinyi mmezoea mitumba iliyokwisha springi, ndiyo maana hili mnaliona gumu.”

Nimelirudia neno hilo “nyinyi” kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nyinyi akina nani? Mimi ni mteja niliyelipa fedha zile zile walizolipa wengine, na mtumba nilioendesha kwa miaka tisa niliutunza vizuri: shokapu zilipokwisha nilibadilisha, bushi zilipolia nilibadilisha. Najua gari gumu likoje na najua gari lililochoka likoje. Ila kilichoniuma kuliko maneno yenyewe ni kwamba gari lilikuwa nje, hatua kama kumi kutoka kwenye kiti chake, na hakuinuka kwenda kuliangalia. Asingehitaji kifaa chochote. Angeliweka mikono miwili juu ya boneti akasukuma, basi, angejua kila kitu. Badala yake akaniambia niendeshe kwanza kilomita elfu mbili, gari “litafunguka”.

Nikamwamini nusu. Ndilo ninalojilaumu, kwa sababu kabla kilomita hizo hazijafika nilikwenda kumchukua mama yangu.

Safari ya kwenda nilikuwa peke yangu, nikavumilia. Safari ya kurudi sitaisahau. Wanaoijua barabara hiyo wanajua kwamba lami yenyewe haina shida kubwa, shida ni matuta ya kila penye makazi na yale matuta madogo yaliyopangwa kwa safu, tunayoyaita rasta, ambayo gari zuri huyapita kwa mtetemo tu. Gari langu liliyahesabu moja moja. Kuanzia Segera, mama alikuwa ameshika ule mkono wa juu ya mlango kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameubana chini ya kiuno kama mto. Hakulalamika. Kabuku nilisimama nikamwekea khanga mbili zilizokunjwa chini yake. Tulipofika Mkata aliniomba nisimame tena, akaniambia kwa upole ule wake unaoumiza zaidi ya kelele: “Mwanangu, niteremshe hapa nisubiri basi. Wewe tangulia nyumbani, tutakutana.”

Sikumteremsha. Nilikwenda mwendo wa kilomita 40 kwa saa hadi Msata, kisha Bagamoyo, na malori yakanipita yakipiga honi. Usiku ule niliandika malalamiko marefu, nikashauri kwamba mtu yeyote mwenye familia asilinunue gari hili hata kama angepewa kwa nusu bei. Ningeyatuma, ningelikosea gari.

Kwenda kwa fundi wa mtaani nilikuwa naogopa kwa sababu ya dhamana, maana waliouza walinionya kwamba mkono wowote wa nje ukiligusa gari itafutwa. Lakini jirani alinisisitiza niende walau kwa ushauri, nikaenda Sinza kwa kijana mmoja ambaye gereji yake ni bati sita na shimo la kukagulia. Alinisalimu shikamoo, akafuta mikono, akaniuliza linagonga mbele au nyuma, likiwa na watu au tupu. Kisha akachuchumaa mbele ya gurudumu akaingiza kiganja kwenye nafasi iliyo kati ya tairi na fenda. Mbele viliingia vidole vinne vikiwa vimesimama. Nyuma viwili. Akasimama, akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti, akasukuma kwa uzito wake wote, na boneti haikushuka hata kidogo. “Mama,” akasema, “hili gari halina springi. Yaani lipo nazo, ila hazifanyi kazi.”

Akapiga jeki, akatoa tairi, akamulika kwa tochi ya simu, akaniita nione mwenyewe. Katikati ya mizunguko ya springi kulikuwa na vipande vya plastiki ngumu nyeusi, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche. Viwili upande huu, viwili upande ule. Nilidhani ni sehemu ya gari. Akanieleza kwamba magari mapya yanaposafirishwa, viwandani huweka vipande hivyo ili springi zisibonyee, gari lisichezecheze likiwa limefungwa kwenye meli au kwenye lori, na bampa isikwangue linapopanda na kushuka ngazi. Muuzaji anatakiwa kuvitoa kabla ya kumkabidhi mteja. Havikutolewa. Springi iliyobanwa hivyo haibonyei, na isipobonyea shokapu nayo haina cha kutuliza, kwa hiyo kila pigo la barabara hupanda moja kwa moja hadi kwenye bodi, na kutoka kwenye bodi hadi kwenye mgongo wa aliyeketi.

Kisha akapima upepo. Tairi zote nne zilikuwa na 48, ilhali kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema 32. Huo nao ni upepo wa safari ya melini, hujazwa mwingi ili tairi zisifanye bapa kwa kusimama muda mrefu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekipita kibandiko kile kila siku, nikiingia na kutoka.

Kazi yote haikuchukua saa moja, na aliniomba shilingi 20,000. Nilimpa zaidi. Tulipoondoka pale, kwenye tuta la kwanza gari lilishuka taratibu na kupanda taratibu, kama mtu anayevuta pumzi, nikalazimika kusimama pembeni kwa sababu machozi yalikuwa yananizuia kuona barabara. Miezi yote ile. Mama yangu na khanga zake. Kwa vipande vinne vya plastiki.

Sasa ninalazimika kukiri kwamba gari lenyewe ni zuri. Limetulia kwenye mwendo wa safari, halinesinesi kwenye kona, na watoto wamerudi kugombania kiti cha mbele. Bado kwenye mashimo yenye kingo kali linagonga kidogo, na hilo ni la tairi: hizi zilizokuja nalo ni za inchi 17 zenye ubavu mfupi, zinapendeza kwa macho kuliko zinavyofaa kwa njia zetu. Nafikiria kushuka hadi inchi 16 zenye ubavu mrefu zaidi. Kwa hiyo, kama wiki zile ungeniuliza ningesema lisinunuliwe, na leo nasema lifikirie, ila lisukume boneti kabla hujasaini chochote.

Nimesema hivyo, kisha nakumbuka nilivyorudi karakanani. Niliviweka vile vipande vinne mezani, mbele ya kijana yule yule. Akavitazama. Akasema, “Aah, hivi huwa vinasahaulika,” akavisogeza pembeni kwa kalamu ili apate nafasi ya kuandika. Neno pole halikutoka. Nilimwomba msimamizi wake, nikaambiwa yuko kwenye kikao, nikasubiri saa moja na nusu, kikao hakikuisha. Nikichemka namna hii narudi kulekule nilikoanza: usinunue, walau si kwa watu wa namna hiyo, kwa maana waliosahau springi siku moja watasahau breki.

Vipande nilivichukua, viko ndani ya buti. Kilomita elfu tano zinakaribia, na dhamana inanilazimu kwenda kwao kwa matengenezo ya kwanza. Nitakwenda, na sitaondoka mlangoni mwa karakana hadi gari litoke.

Juzi nilimpigia mama simu kumwambia kwamba gari limepona na nitamfuata kwa ajili ya kliniki ijayo. Alifurahi, akanishukuru, akamwombea dua yule fundi. Kisha akaniambia nisijisumbue, tiketi ya basi ameshakata.