Cheti cha IT Support cha Google kwa macho ya anayeajiri: kizuri, ila kisiwe mlango peke yake

Mimi nasimamia kitengo cha IT kwenye kampuni ya usambazaji, makao makuu hapa Dar na matawi mikoani, na kila tukitangaza nafasi ya msaidizi wa IT wa kuanzia, CV zinamiminika kama mvua ya masika, halafu siku hizi nyingi zina kitu kimoja, kile cheti cha Google IT Support kinachosomwa Coursera, ile tovuti ya kozi za mtandaoni. Watu wa rasilimali watu wananiuliza hiki kitu tukipe uzito au vipi. Maoni mengi nayoyaona mtandaoni ni ya waliosoma, wanafurahia wamemaliza, sawa kabisa, ila sisi tunaotafuta vijana wa kazi nani anatuambia? Kozi yenyewe nimeipitia yote ili nijue namuuliza mtu nini, kwa hiyo naongea nachokijua. Kwa yaliyomo nawapa nyota nne kati ya tano. Kama kigezo cha kuajiri, tatu.

Google walikitoa Januari 2018, kikilenga mtu asiye na msingi wowote. Ndani yake kozi za ufundi wenyewe ziko tano: misingi ya kompyuta na huduma kwa mteja, mitandao, Windows na Linux, usimamizi wa seva, halafu usalama. Hiyo ya mitandao ndio naikubali kuliko zote. Dogo akiielewa kweli kweli, akikuta kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254 anajua palepale kwamba haijapata jibu la DHCP, yaani huduma inayogawa anwani kwenye mtandao, kwa hiyo hapotezi muda kufuta na kuweka upya Chrome, anaenda kuangalia kebo, swichi, rauta. Akikuta ping, yaani jaribio la mawasiliano, kwenda 8.8.8.8 ya Google inajibu lakini tovuti hazifunguki kwa jina, anaenda moja kwa moja kwenye DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani. Nimekaa kwenye intavyu na watu wenye digrii wanakwama hapo hapo, yaani wanakutajia tabaka saba za OSI, ule mchoro wa nadharia ya mitandao, kama shairi halafu mbele ya mashine mkono hauendi.

Ya nne nayo inamfungulia kijana dunia ya Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti na ruhusa za wafanyakazi, na ndio kazi ya kila asubuhi hiyo, mtu kasahau nywila, akaunti imejifunga, mfanyakazi mpya hana ruhusa ya folda ya mauzo.

Sasa tatizo. Kozi haina mtihani wa kusimamiwa. Yale maswali unaweza kuyarudia mpaka upite, na majibu yamezagaa mtandaoni, kwa hiyo vyeti viwili vinavyofanana kabisa vinaweza kuwa vya watu wawili tofauti kama mbingu na ardhi. CompTIA A+, cheti kingine cha kimataifa cha IT ya kuanzia, iko tofauti, ina mitihani miwili, kila mmoja dakika 90, maswali yasiyozidi 90, unakaa unasimamiwa, na cheti kinaisha muda baada ya miaka mitatu. Ila kwa bei ya Marekani kila mtihani ni zaidi ya dola 200, kijana wa Mbagala aliyemaliza chuo mwaka jana anazitoa wapi? Ndio maana sipendi kabisa tangazo la kazi ya kuanzia linalolazimisha A+, unawafukuza haohao unaowatafuta. Hata hii ya Google sio bure, bei ya Marekani ni dola 49 kwa mwezi na wao wenyewe wanasema ni miezi mitatu hadi sita, mtu akienda hiyo sita ni laki saba na ushee. Kuna kuomba msaada wa ada, tena vijana wetu wengi wamepita humo, wameandika maombi, wamesubiri, wamesoma kwa bando usiku. Mtu wa hivyo mimi namheshimu, na nikiona cheti chake swali langu la kwanza ni "ulisomaje?", maana hapo ndio utasikia kama alikaa nayo au alikimbizana na karatasi.

Kitu kingine, kozi imejengwa juu ya ofisi yenye umeme usiokatika, leseni zote zimelipiwa na kila shida inaandikwa kwenye mfumo wa tiketi, yaani maombi ya msaada. Njoo tawini kwetu sasa. Umeme umekatika, UPS betri imekufa zamani, printa ya ghala inaonekana kwenye kompyuta moja tu, mashine ya EFD haitoi risiti na mteja kasimama dirishani na pesa mkononi, na meneja wa tawi hatumi tiketi, anapiga simu. Hayo hutayakuta kwenye video. Siwalaumu waliotunga kozi, ila mwajiri ajue kwamba hiyo sehemu ni ya kwake kufundisha.

Na kuna hili la kuongea na watu ambalo kwangu ndio nusu ya kazi. Kozi nzima mtu kaisoma kwa Kiingereza, halafu anatakiwa amweleze mama wa masjala kwa Kiswahili cha kawaida kwa nini faili lake halionekani, bila kumfanya ajione mjinga. Kwenye usaili huwa tunamweka dada wa uhasibu anapiga simu kwa hasira kabisa, "mtandao wenu umekufa na leo ni siku ya mishahara!", tunamsikiliza kijana. Anayeanza na "pole dada, ni kwako tu au na wenzako?" huyo tayari kanishika. Anayeanza kubishana simchukui hata awe na vyeti ukuta mzima.

Baada ya simu tunamkalisha mezani. Kompyuta ina kebo iliyolegea, nyingine DNS tumeiharibu makusudi, printa imejaa foleni ya kazi zilizoganda. Aruhusiwe kugoogle, kwani kazini hatagoogle? Nachoangalia ni mpangilio wake, anaanzia wapi, anabadilisha kitu kimoja kimoja au anagusa vitu vitano kwa mpigo. Na kwenye meza hiyo wanaonishangaza mara nyingi ni watoto wa vyuo vya ufundi vya VETA, wanafunzi wa chuo cha teknolojia cha DIT walio field, yaani mafunzo kwa vitendo, na mafundi wa laptopu wa Kariakoo ambao hicho cheti hata hawajakisikia.

Kwa hiyo wadau mnaoajiri, kwenye tangazo andikeni "cheti cha Google au kinachofanana ni faida", msiandike "lazima", na ule mstari wa uzoefu wa miaka mitatu kwa nafasi ya kuanzia uondoeni kabisa. Cheti kikija, kihakikini, chini yake kuna linki ya Coursera inayoonyesha jina la aliyesoma. Na mkipata fundi mzuri asiye na cheti, mchukueni, mlipieni hiyo kozi akiwa kazini, mpeni saa moja ya kusoma kila siku na waifai ya ofisi, halafu jioni akae na mkubwa wake wajaribu alichosoma kwenye mashine za hapohapo. Na field wapeni nauli jamani, mtoto anatoka Chanika kuja Posta kila siku.