Boksi la Breka la Nyumba ya Zamani: Lipi la Kununua, Lipi la Kuacha

Usianze na boksi. Anza na nyaya zilizomo ukutani, kwa sababu breka mpya zikifungwa juu ya nyaya zilizooza, umenunua urembo. Muite fundi umeme mwenye leseni azipime kwa mita inayosukuma volti 500 na kuonyesha kama gamba la waya bado linazuia umeme. Waya usiofikisha hata megaohmu 1 unavuja, utolewe. Nyaya za kale zenye gamba la mpira hazina mjadala: mpira hukauka, ukiukunja kidogo unapukutika na shaba inabaki wazi. Hizo toa zote, hata kama taa bado zinawaka vizuri.

Jambo jingine la kuelewa kabla ya kwenda dukani: breka hulinda waya. Hailindi friji wala televisheni. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 kwa kawaida hupewa breka ya ampea 6 au 10, wa soketi wa 2.5 hupewa ya 20, na wa jiko wa 6 hupewa ya 32. Breka ikikata mara kwa mara, kuna watu hufunga kubwa zaidi ili "isisumbue". Waya wa 1.5 ukiwekewa breka ya 32 utaungua ndani ya ukuta huku breka imetulia. Naomba sana usimruhusu fundi yeyote afanye hivyo nyumbani kwako.

Sasa maboksi, kuanzia lililo bora.

1. Lenye RCBO kwa kila saketi, yaani kila njia ya waya inayotoka kwenye boksi, kama ya taa au ya jiko. RCBO ni breka na kinasa-uvujaji katika umbo moja. Hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Birika la jikoni likivujisha umeme, saketi ya jikoni pekee ndiyo inayozimika, taa za ngazi zinabaki. Ni ghali kuliko mengine yote, na ndilo ningelinunua hata kama ingebidi kuahirisha kupaka rangi. Kwenye nyumba ya zamani faida yake ni kubwa zaidi, maana tatizo likijitokeza unajua mara moja liko kwenye waya gani.

2. Lenye RCD mbili. RCD ni kinasa-uvujaji peke yake, bila breka ndani yake. Saketi hugawanywa makundi mawili, hitilafu moja huzima nusu ya nyumba. Ni chaguo zuri kwa bei ya kati. Mwambie fundi taa na soketi za eneo moja zisikae kundi moja, na nyutro (nyaya za kurudisha umeme) za makundi hayo zisichanganywe. Zikichanganywa, RCD zitakata bila sababu unayoiona.

3. Lenye RCD moja mbele ya breka zote. Linaokoa maisha kama yale ya juu, ila uvujaji wowote unaitia nyumba nzima gizani. Kwa chumba kimoja au viwili linatosha.

4. Breka tupu, bila RCD. Usinunue. Utaambiwa "tuna erthi, inatosha." Piga hesabu: fimbo ya erthi yenye ukinzani wa ohmu 50, kwa volti 230, hupitisha ampea 4.6 tu. Breka ya ampea 20 haitakata. Bodi la friji litabaki na umeme siku nzima likimsubiri atakayelishika, na anaweza kuwa mtoto aliyetoka kuoga.

Dukani, usiridhike na jina lililoandikwa kwenye katoni. Soma kifaa chenyewe. RCD au RCBO iwe na maandishi 30mA au 0.03A na kitufe cha T, yaani cha kujaribia kama inakata. Tazama pia alama ya wimbi: wimbi peke yake ni aina ya AC, wimbi lenye vijilima chini yake ni aina ya A. Chukua A, kwa sababu mashine za kufulia za kisasa na vifaa vingine vya kielektroniki huvujisha umeme ambao AC inaweza isiunase. Breka iwe na 6000 ndani ya kisanduku, yaani inaweza kukata shoti ya ampea 6,000 bila kupasuka. Boksi la chuma ni salama kuliko la plastiki pale skrubu inapolegea na kupata moto. Acha nafasi mbili tatu wazi, na breka zote ziwe za kampuni moja na boksi.

Usilifunge mwenyewe. Nyaya zinazotoka kwenye mita hubaki na umeme hata ukizima meni swichi. Fundi akimaliza, mwombe akuandikie vipimo vya erthi na vya kila saketi kwenye karatasi, kisha bonyeza kila kitufe cha T kwa mkono wako. Kimoja kisipokata, shikilia salio la malipo mpaka kifaa hicho kibadilishwe.