MetaTrader 5: chati safi, nidhamu ni juu yako

Kwa anayefungua na kufunga biashara ndani ya siku moja, kinachofaa zaidi kwenye programu hii ya kununua na kuuza sarafu na mali nyingine za masoko ya fedha ni oda ya kuzuia hasara, yaani agizo la kufunga biashara bei ikifika kiwango ulichoweka. Ukishaiweka inakaa kwenye seva ya dalali, hivyo umeme ukikatika bado inafanya kazi (ingawa soko likiruka ghafla, utafungiwa kwa bei mbaya kuliko uliyopanga). Oda ya kuzuia hasara inayosogea na bei si hivyo: inaendeshwa na programu ya kwenye kompyuta, na ukiifunga, oda inabaki pale ilipofikia. Wengi huligundua hili wakati hasara imeshaingia.

Kununua na kuuza kwa mbofyo mmoja, kuache kumezimwa. Dirisha la oda linakuchelewesha sekunde chache, na hizo zinatosha kukatiza biashara ya kulipiza kisasi, ile unayoifungua kwa hasira ili kurudisha ulichopoteza. Ukubwa wa kila biashara, unaopimwa kwa loti, nao uuweke mapema kwenye mipangilio: akaunti ya dola 1,000, hatari ya asilimia 1, oda ya kuzuia hasara ikiwa pipsi 20 (hatua ndogo za bei) kutoka ulipoingia kwenye EUR/USD (euro dhidi ya dola), ni loti 0.05. Basi.

Kasoro kubwa ni kukosa kikomo cha hasara ya siku. Roboti, yaani programu ndogo ya kufanya biashara yenyewe, inaweza kufunga kila kitu hasara ikifika dola 30, ila mwenye hasira huizima papo hapo. Afadhali dalali anayekuwekea kikomo hicho upande wake.

Ripoti ya historia hufunguka kwenye Excel. Ongeza safu ya sababu ya kuingia, maana programu haikuulizi.