Makumbusho ya Apartheid, Johannesburg: msikubali kuharakishwa

Mtanzania ukipita Johannesburg, nenda hapa kabla ya kufikiria maduka ya Sandton. Makumbusho haya, yaliyofunguliwa mwaka 2001, yako jirani na Gold Reef City, bustani ya michezo na burudani.

Ubaguzi unakupokea mlangoni. Tiketi zinagawiwa bila kuangalia sura: nyingine zimeandikwa Mweupe, nyingine Asiye Mweupe, na kila kundi lina mlango wake. Mimi nilipata ya Mweupe, mke wangu ya Asiye Mweupe, tukatenganishwa palepale. Ndani unapita katikati ya vitambulisho vya enzi za Makaburu, vimekuzwa na kuwekwa nyuma ya nyavu za chuma. Sheria ya mwaka 1950 ilimwandikisha kila mtu kwa rangi yake, na rangi hiyo ikaamua akae wapi na asome shule gani. Shuleni tulifundishwa haya. Pale unatazamana na nyuso zenyewe.

Nilikaa sana kwenye vitanzi. Vinaning'inia juu ya kichwa chako, 131, kimoja kwa kila mpinzani wa serikali aliyenyongwa. Mimi nimesoma Mazimbu, Morogoro, kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) yenye jina la Solomon Mahlangu. Tulikuwa tukilitaja jina hilo kutwa nzima kama jina la kituo cha daladala. Kijana huyo alinyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, ana miaka 22 tu, na ANC, chama chake cha ukombozi, wakaipa jina lake shule waliyoijenga Mazimbu kwenye ardhi waliyopewa na Tanzania. Chini ya vile vitanzi machozi yalinitoka. Natamani kila aliyesoma pale Mazimbu afike asimame hapo.

Kilichoniudhi ni kampuni ya utalii iliyotupeleka. Walitupa saa mbili! Tuliitwa kwenye basi tukiwa bado kwenye maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya Juni 1976; Mandela hajatoka gerezani, foleni za kura za Aprili 1994 hatujazifikia. Ilibidi turudi wenyewe kwa teksi, tukalipa kiingilio upya, na sijutii hata senti.

Maelezo ni ya Kiingereza na ni marefu, kwa hiyo wazee wetu wanahitaji mtu wa kuwatafsiria. Nendeni asubuhi, kwa usafiri wenu. Watoto wadogo msiwapitishe kwenye vitanzi.