Kifaru cha Vita vya Kagera kwa kipimo cha 1/35: uzoefu wangu na seti za Tamiya na MiniArt

Maduka ya mtandaoni ya modeli, yaani vifaru vidogo vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe, yamejaa Tiger, Sherman na T-34 za Vita Kuu ya Pili. Nimeziunda na ninazipenda. Lakini kwangu mimi, niliyekulia Dar es Salaam nikisikiliza wakubwa wakisimulia Kagera, kifaru cha vita kina sura nyingine: kichwa kinachozunguka, cha mviringo kama bakuli lililofudikizwa, mtutu mrefu wa milimita 100, magurudumu matano kila upande, na pengo la wazi kati ya gurudumu la kwanza na la pili. Hiyo ndiyo Type 59 ya Kichina waliyokwenda nayo vijana wa JWTZ, na ni karibu sura hiyohiyo ya T-55 za Walibya, waliokuja kumsaidia Idi Amin, waliokutana nao Lukaya, Uganda, Machi 1979.

Zinafanana kwa sababu ni ukoo mmoja. Warusi walitengeneza T-54 mara baada ya Vita Kuu ya Pili. China ikaichukua T-54A, ikaiunda kwake na kuiita Type 59. Mwaka 1958 Warusi wakaingiza T-55, yenye injini ya nguvu farasi 580 badala ya 520 na nafasi ya makombora 43 badala ya 34. Kwa hiyo ninapozilinganisha seti hizi, jambo la kwanza ninalouliza ni moja: nikimaliza, mezani kutakuwa na kifaru cha nani?

Nimeunda tatu, zote za kipimo cha 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi: T-55A ya Tamiya, kampuni ya Kijapani, T-55A ya MiniArt yenye vitu vyote vya ndani, na Type 59 ya MiniArt. Kifaru halisi kina urefu wa mita 9 mtutu ukielekea mbele, kwa hiyo kwa kipimo hiki unapata sentimita 26 hivi. Tenga nafasi kabatini mapema, mtutu usije ukagonga mlango.

Naanza na Tamiya kwa sababu ndiyo seti ninayomkabidhi mtu yeyote anayeanza. Ilitoka mwaka 2002, na kwa raha ya kuunganisha bado naiheshimu sana. Vipande vinakaa mahali pake bila ugomvi, maelekezo yanasomeka, na ukidondosha gundi nyepesi kwenye ungio inaingia yenyewe na kuyeyusha plastiki mpaka pande mbili zinakuwa kitu kimoja. Kichwa kimepewa ukwaruzo wa chuma cha kumimina, na ukipitisha juu yake brashi yenye rangi iliyokaribia kukauka unauona. Kijana mwenye koleo ndogo ya kukatia, ya aina wanayotumia mafundi simu Kariakoo, msasa laini na kisu kizuri, anaweza kuimaliza na akajivunia.

Cheni zake ni mikanda miwili inayokunjika, nayo inashika gundi ya kawaida ya plastiki. Hapa kuna jambo ambalo picha ya boksi haikuambii. Familia hii ya vifaru haina vigurudumu vya juu vya kubebea cheni, kwa hiyo kwenye kifaru halisi cheni inalala juu ya magurudumu yenyewe kwa uzito wake. Mkanda wa plastiki hauna uzito huo. Ukiuacha utabaki umenyooka. Mimi hupaka gundi juu ya magurudumu, nikashindilia vipande vya sponji kati ya cheni na bamba la matope, na kuviacha hapo usiku kucha. Asubuhi cheni imelala inavyotakiwa. Fanya hivyo kabla hujabandika matangi ya pembeni.

Sasa suala la kifaru cha nani. Seti ya Tamiya ni T-55A, na T-55A haigeuki kuwa Type 59 kwa kupakwa rangi ya kijani. Type 59 ina kofia ya feni iliyojitokeza juu ya kichwa, upande wa kulia mbele, T-55 haina. Type 59 ina tundu dogo katikati ya bamba la mbele, la bunduki ya rashasha iliyofungwa mahali pamoja, T-55A imeliondoa. Tundu unaweza kulitoboa kwa sindano ya moto, kofia unaweza kuichonga. Lakini ukishaanza hivyo, kila ukitazama picha za zamani unakuta kingine cha kubadilisha.

Haya hayanihusu mimi peke yangu. Mtaani kwetu yuko mzee mstaafu wa jeshi aliyepata kufanya kazi ndani ya vifaru. Nilimpelekea ile ya Tamiya ikiwa bado haijapakwa rangi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani aliizungusha mkononi, akagusa juu ya kichwa kwa kidole. “Mwanangu, ni kizuri, lakini hiki ni cha wale wengine. Chetu kilikuwa na feni hapa.” Tangu hapo sijakubali hoja kwamba tofauti hizi ni za wachache wanaopenda kubishana.

MiniArt, kampuni ya Kiukreni kutoka Kyiv, wana njia tofauti kabisa. Seti yao ya T-55A yenye ndani ina vipande zaidi ya elfu moja: plastiki nyembamba sana, pamoja na bamba la shaba lenye vipande vidogo vilivyochongwa kwa asidi, ambavyo unavishika kwa kibano na kubandika kwa supaglu. Cheni unaiunga kiungo kimoja kimoja, takriban 90 kila upande, kama ilivyo kwenye kifaru chenyewe. Kata, piga msasa, unga, rudia. Ni kazi ya kuwasha redio na kusikiliza mechi. Ikiisha, cheni inalala juu ya magurudumu bila sponji na bila hila.

Vya ndani ndivyo vilivyonishika. Injini ya silinda 12 imelazwa kukingama ndani ya bodi, na ukiiona hivyo unaelewa kwa nini kifaru hiki ni kifupi nyuma. Dereva anakaa mbele kushoto. Kuliani kwake kuna tangi la mafuta lenye matundu ambamo makombora yamechomekwa, yaani mafuta na baruti bega kwa bega na binadamu. Kusoma nilikuwa nimesoma. Kulibandika tangi lile kwa mkono wangu, kisha kuingiza makombora moja baada ya jingine, kulinifanya nikae kimya kidogo nikiwafikiria waliokaa pale kweli.

Hii nayo nilimwonyesha mzee kabla ya kufunga paa, na akaniongezea kisichoandikwa kwenye boksi. Kwenye T-55 sakafu ya kichwa huzunguka pamoja na mzinga. Kwenye Type 59 haizunguki: mpakiaji, anayesimama kulia, alilazimika kutembea akifuata kichwa kinapogeuka, mikononi ana kombora la kilo 30 hivi, na kifaru kinaruka kwenye mashimo. Alinionyesha kwa miguu yake, pale pale barazani.

Kwa hiyo seti yenye ndani ninaipendekeza kwa moyo wote kwa anayetaka kujifunza kifaru kinavyofanya kazi, au mwalimu anayetaka kitu cha kuwaonyesha wanafunzi. Iache wazi; ukishagundisha paa, kazi yote ile haionekani tena. Na kama unachotaka ni kifaru cha kuweka juu ya udongo mwekundu wenye nyasi, usilipie injini utakayoifunika.

Kwa hilo nunua Type 59 ya MiniArt. Kati ya zote tatu ndiyo niliyoiunda kwa furaha kubwa zaidi, ingawa mkono ulishachoka na viungo vya cheni. Kofia ya feni ipo. Tundu la mbele lipo. Huchongi, huombi radhi kwa mtu. Vishikio na mabano ni vyembamba na vinataka mkono mtulivu: usivivute kutoka kwenye fremu ya plastiki inayovishika, kata kwa hatua mbili, kwanza mbali, halafu karibu. Mzee alipoiona hakusema mengi. Aliuliza tu namba ya kifaru itaandikwa wapi, nami nikamjibu kuwa sitaandika namba nisiyokuwa na picha yake. Kimebaki kijani kitupu chenye vumbi.

Kuhusu kununua: usitarajie kuzikuta kwenye rafu za maduka ya Posta au Kariakoo. Mimi huagiza, mzigo unaunganishwa na wa wafanyabiashara wanaotoa bidhaa Guangzhou, au nasubiri ndugu anayetoka Dubai. Mwombe msafirishaji asilitoe boksi kwenye katoni lake la nje ili kupunguza ujazo. Seti yangu moja ilifika imebanwa na mtutu umepinda, na niliunyoosha kwa maji ya moto. Kwa bei, ile yenye ndani ndiyo inayouma zaidi, na Tamiya ni ya kati.

Jambo la mwisho ni hewa yetu. Wakati wa masika unyevu wa Dar huifanya rangi ya thina kali ikauke na ukungu mweupe juu yake, hivyo miezi hiyo natumia rangi za maji na kupuliza mchana, dirisha likiwa wazi. Thina ya gereji iweke mbali kabisa na plastiki hii, ikizidi inaila. Kwa vumbi la barabarani natumia unga wa udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa cha chai, naupaka kwa brashi laini kuanzia magurudumuni kwenda juu, mwingi kwenye mabamba ya matope na kidogo sana kwenye kichwa, kwa sababu huko juu ndiko wapiganaji walikopanda na kushuka, na miguu yao ililifuta vumbi.